Shangazi, nina mshairi kwenye kochi langu Baltimore na naogopa ataishia kama Poe

Shangazi shikamoo.

Naomba uniwie radhi, barua itakuwa ndefu, naiandika kwenye basi nikitoka shifti ya usiku na nshaifuta mara tatu. Mi ni mtu wa Tanga ila niko Baltimore huku Marekani mwaka wa tisa sasa, nahudumia wazee majumbani, mume wangu anaendesha lori la masafa, tuna watoto wawili. Nyumba yenyewe vyumba viwili na sebule, na hapo sebuleni ndo kuna shida yangu.

Mtoto wa mama mdogo yuko kwangu tangu Novemba. Huyu tumekua wote kwa bibi, namwita mdogo wangu na ni mdogo wangu kweli, mambo ya binamu sisi hatuna. Ni mshairi. Na simaanishi mtu wa kuposti vimistari, namaanisha mshairi, toka yuko darasa la sita anatunga tarbia, vina vya kati na vya mwisho vimekaa, mizani kumi na sita kila mshororo humkuti amepungukiwa hata na moja, wazee wa mtaani walikuwa wanamwita jioni barazani awasomee. Alipata bahati nasibu ya viza akaja huku miaka sita iliyopita na toka amekuja hajamaliza mwaka sehemu moja. Alianza Houston, akaenda Columbus, akaenda Minneapolis, kila mji anafikia kwa Waswahili, anapata kazi ghalani, mwezi wa kwanza wa pili bosi anamsifia, alafu ghafla anaanza kunywa, haamki, watu wanamsema, siku moja wanaamka kochi liko tupu kaondoka bila hata kuaga. Kwangu alifika na ndala Shangazi, Novemba, baridi ya kuumiza mifupa, ana ndala na soksi na mfuko wa nailoni una daftari moja. Nilimnunulia viatu na koti siku ile ile.

Sasa kila siku basi langu linapita kona ya Fayette na Greene, pale kuna kanisa la zamani lina makaburi, na mbele kabisa kuna kaburi la Edgar Allan Poe. Watu wanaacha senti na maua juu yake. Mzee mmoja ninayemhudumia, zamani alikuwa mwalimu, ndo alinihadithia kwamba huyu ndo yule wa hadithi za kutisha na shairi la kunguru, kwamba alikuwa mtu wa kuhamahama, mji huu leo kesho ule, mlevi, hana hela, na kwamba mwaka 1849 aliokotwa hapa hapa Baltimore hajitambui, nguo alizovaa si zake, akafia hospitali. Nikamwuliza hakuwa na ndugu? Akanijibu alikufa kwa kukosa watu. Ile kitu ilinikaa kifuani.

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu akapotea siku tatu, simu imezimwa. Siku ya nne usiku napigiwa na namba nisiyoijua, mtu anaongea Kiswahili cha Kongo, kumbe ni mlinzi kwenye stendi ya mabasi, amemkuta mtu amekaa chini anaongea Kiswahili peke yake, akachukua lile daftari akakuta namba yangu nyuma ya jalada. Nilienda na teksi. Shangazi, lile koti nililomnunulia halikuwepo, alikuwa amevaa jaketi la mtu mwingine kubwa linamfika magotini. Nilimkumbuka Poe pale pale, miguu ikaisha nguvu.

Tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki. Kaka yangu mkubwa kapiga simu toka Dar anasema mtoe, huyo ni mvivu anajificha kwenye mashairi. Mama mdogo anapiga kila siku analia. Mume wangu si mtu mbaya, kavumilia sana, ila kasema mwisho wa mwezi na mi namwelewa maana watoto wanaona. Mwenyewe akiwa mzima anatetemeka mikono asubuhi, mpole, anawafundisha watoto vitendawili, anaomba msamaha mpaka unaona aibu wewe. Nampa dola 20, dola 40, sijui zinaenda wapi, au najua ila sitaki kusema. Na sasa kuna watu New York wamemwalika akasome mashairi kwenye harusi ya Waswahili, watamlipa, amefurahi kama mtoto, anataka aende mwenyewe na basi. Nimwache? Nimpe hela? Na huyo Poe, ni kweli hakuna aliyemsaidia, au walimsaidia ikashindikana? Maana kama ilishindikana kwake basi niambie tu nijue. Na nikimtoa akafa huko nje, ni mimi nimemuua?

Dada mtu, Baltimore

—

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale kwenye koti.

Nianze na Poe kwa sababu umeniuliza, na kwa sababu huyo mzee wako kakwambia kitu ambacho sicho. Hakufa kwa kukosa watu. Siku ukipita tena hapo kona ya Fayette na Greene shuka dakika tano ukasome lile kaburi vizuri, hajalala peke yake. Yuko na mkewe Virginia na yuko na mama wa huyo mke, Maria Clemm, ambaye kwa Poe alikuwa shangazi kabisa, dada wa baba yake. Mimi huyu mama nampenda tangu siku nilipomjua, na siyo kwa sababu ya jina la safu hii. Poe alifikia kwake Baltimore mwaka 1831 akiwa na miaka 22 amefukuzwa chuo cha jeshi cha West Point, mama yake mzazi alishakufa yeye hajafika miaka mitatu, baba alishawaacha, na John Allan yule tajiri wa Richmond aliyemlea bila kumwandikisha kuwa mwanawe walishagombana, na alipokuja kufa 1834 hakumwachia kitu. Nyumbani kwa shangazi kwenyewe kulikuwa na bibi aliyepooza ambaye pensheni yake ndo ilikuwa inalisha watu wote, na kaka yake Poe, Henry, mgonjwa, akafa mwaka huo huo wa 1831. Nyumba imejaa, hela hamna, na mama huyu akaongeza mtu. Unaijua hiyo hali wewe, huna haja ya kusimuliwa.

Sasa nataka nikueleze habari ya mtu anaitwa John Pendleton Kennedy, na hapa soma polepole. Huyu alikuwa wakili wa Baltimore na mwandishi pia, na mwaka 1833 alikuwa mmoja wa waamuzi watatu kwenye shindano la gazeti la pale mjini, Poe akashinda dola 50 kwa hadithi. Wakafahamiana. Machi 1835 Kennedy akamwalika chakula. Poe akajibu kwa barua kwamba hawezi kuja, na sababu ni ya aibu, ni hali ya nguo zake, akamwomba dola 20 ili apate kujisitiri aweze kuonekana mbele za watu. Mshairi aliyeshinda tuzo anashindwa kwenda kula kwa ajili ya nguo.

Kennedy alimpa nguo. Akamwambia meza yangu ni yako, njoo ule muda wowote. Na akampa farasi, si kumuuzia wala kumzawadia, wa kupanda tu anapotaka ili apate kunyoosha mwili. Baadaye aliandika kwenye kumbukumbu zake kwamba alimkuta Poe anakufa njaa akamvuta kutoka ukingoni mwa kukata tamaa. Na baada ya hayo, angalia mpangilio mwanangu, mwili kwanza, nguo, tumbo, hewa, ndo baada ya hayo akamwandikia Thomas White mwenye jarida kule Richmond, mchukue huyu kijana umpe kazi. Hakumwambia acha pombe ndo uje kula. Hakumhubiria. Wewe zile ndala ulizibadilisha siku ile ile, kwa hiyo nusu ya kazi ya Kennedy ulishaifanya bila kumjua. Kilichobaki ni farasi, yani mtafutie sababu ya kutoka nje kila siku yenye saa maalumu, awapeleke watoto shule na wewe au baba yao mkiwa naye, atembee, arudi ale mezani na wengine asiletewe sahani kwenye kochi kama mgonjwa.

Ila Kennedy huyo huyo alikosea sehemu moja na nataka ujifunze na hapo. Poe alienda Richmond Agosti 1835, akapata kazi, mshahara dola 10 kwa wiki, watu wanaanza kumsifia, na hapo hapo akaanguka. Septemba akamwandikia Kennedy barua ya kutisha, roho imeinama, anaomba amshawishi kwamba kuna sababu ya kuishi. Kennedy akamjibu kwa upendo kabisa ila akashangaa, mbona kila mtu anakusifu na mambo ndo yanaanza kunyooka? Akamshauri aamke mapema, ale vizuri, atafute marafiki wachangamfu, na eti ajaribu kuandika michezo ya kuchekesha. Nani kati yetu hajawahi kumwambia mtu maneno ya hivyo? Mi nshawahi, mara nyingi. Lakini hakuuliza huyu mtu anaogopa nini. Na kilichokuwepo ni kwamba mwezi wa nane Poe alipata habari kuwa ndugu yake mmoja mwenye uwezo amejitolea kumchukua Virginia akamlee, maana yake lile kochi moja la shangazi, nyumba pekee aliyowahi kuwa nayo, linataka kuvunjika. Alikuwa analia barua nzima. (Virginia huyo akaja kumuoa 1836 akiwa binti wa miaka 13, na hilo silitetei hata kidogo, nakueleza tu ujue hofu ilikuwa ya nini.)

Kwa hiyo mdogo wako naye, angalia inatokea lini. Umesema mwenyewe, mwezi wa kwanza wa pili anasifiwa alafu ghafla. Hiyo si ghafla. Mkalishe siku akiwa mzima, bila watoto, umwulize wiki ile ya kabla ya kunywa huwa kunatokea nini, anaogopa nini, na akikujibu usimpe dawa papo hapo, sikiliza tu. Nina hisia kwamba kila kochi alikuwa anajua litaisha, akawa anaondoka kabla hajaondolewa, ila hayo atasema yeye.

Aliyepatia zaidi kwenye pombe ni yule bosi, White. Alimwachisha kazi Septemba hiyo, alafu tarehe 29 akamwandikia barua ambayo mi naona kila mtu mwenye ndugu mlevi angeisoma. Anamwambia najuta kuachana na wewe, nakuamini una nia ya kweli, lakini naogopa ukikanyaga tu mitaa hii nia itayeyuka, hakuna mtu aliye salama ambaye anakunywa kabla ya chai ya asubuhi. Alafu hakuishia kwenye kuogopa. Akasema ukikubali kukaa kwangu na familia yangu, au kwa familia yoyote ambayo pombe haitumiki, nitakuwa na tumaini na wewe. Na ukirudi kazini tuelewane kabisa, siku utakayolewa makubaliano yetu yamekufa. Poe akarudi, safari hii na shangazi na Virginia wakaja wote Richmond, na akafanya kazi mpaka Januari 1837. Haikumponya, baadaye aliyumba tena na White akachoka. Lakini ule ni mwaka na zaidi wa kazi nzito kabisa, na jarida likajulikana nchi nzima kwa ajili yake.

Hapo ndo penye mwisho wa mwezi wa mume wako. Mumeo hajakosea kuweka mpaka, kakosea kuweka tarehe. Tarehe inamwambia huyu kijana vyovyote utakavyokuwa tarehe 30 unatoka, sasa kwanini ajitahidi? Badilisheni iwe sharti. Kaeni watatu, mumeo ndo aseme maana akisema yeye itakuwa na uzito, kwamba hapa hakiingii kinywaji na wewe ukiwa umekunywa hulali hapa, siku hiyo tutakupeleka hospitali au kwenye makazi ya dharura, na ukiwa mzima hapa ni kwenu. Na mkishasema, mtimize.

Kaka yako wa Dar anasema uvivu. Mwambie hivi, Poe alikuwa hajui kulala, kahariri majarida Richmond, Philadelphia, New York, kaandika uhakiki, hadithi, mashairi, na bado alikuwa anakosa kuni za kupikia. Sehemu kubwa ilikuwa ni sheria. Marekani ya wakati ule hakimiliki ya mwandishi wa nje ilikuwa hailindwi, mpaka 1891, kwa hiyo mchapishaji alikuwa anachukua riwaya ya Mwingereza anaichapa bure, sasa kwanini amlipe wa nyumbani? Lile shairi la kunguru lilitoka Januari 1845 likanakiliwa na magazeti kila kona, na mwaka uliofuata yeye yuko kwenye kijumba Fordham nje ya New York mkewe anakufa kwa kifua kikuu amefunikwa koti kubwa la mumewe kwa sababu blanketi hakuna. Ikabidi mama mmoja, Marie Louise Shew, mwenye ujuzi wa uuguzi, alete matandiko na kuchangisha hela. Virginia akafa 30 Januari 1847. Miaka mitano kabla ya hapo alikuwa anatapika damu, anapona, anazidiwa, na Poe mwenyewe aliandika kwamba kupanda na kushuka huko kati ya tumaini na kukata tamaa ndo kulikomtoa akili, kwamba kunywa kulikuja nyuma ya wazimu siyo wazimu nyuma ya kunywa. Mi simwamini kwa asilimia zote, mnywaji ana sababu zake siku zote, lakini simkatalii pia.

Safari ya New York sasa. Usimwache aende peke yake. Nakwambia hivi kwa sababu ya Machi 1843. Marafiki wa Poe walihangaika kumpatia kazi ya serikali, kazi ya forodha Philadelphia, mshahara wa uhakika, kilichobaki ni aende Washington ajionyeshe. Akaenda peke yake. Siku ya kwanza akanywa kidogo, ya pili akatulia, baada ya hapo akawa hashikiki, anavaa koti nje ndani, anawatukana watu ambao ndo alikuwa anawategemea. Rafiki yake mmoja pale, Jesse Dow, ikabidi aandike barua Philadelphia kwamba njooni mmchukue, anajianika mbele ya watu wanaoweza kumharibia kwa rais. Kazi ikapotea. Na aliporudi, nani alikuwa amesimama kituo cha treni anamsubiri? Shangazi. Watu kama hawa siku ya hatari kwao ni siku neema inapokaribia, mwaliko, malipo, watu wanapiga makofi, na harusini glasi zinapita. Kama shifti yako inakubali nenda naye, kama haikubali waombe wenye harusi wamtafutie mtu mmoja wa kumpokea stendi na kulala naye nyumba moja, na malipo watume kwako. Waambie ukweli, usione haya. Kama haiwezekani yote hayo, asome kwa simu, watu siku hizi wanasoma hata dua kwa simu.

Hela mkononi acha. Siyo adhabu. Nunua unachotaka anunue. Na hapa kuna habari nyingine ya kukutoa mzigo mgongoni. Julai 1849 Poe aliibuka Philadelphia hali mbaya kabisa, mji una kipindupindu, yeye anaona watu wanataka kumuua, akaenda kwa mchoraji John Sartain akaomba wembe anyoe sharubu asitambulike, na Sartain akamweka kwake akawa anatoka naye usiku hamwachi peke yake. Alafu akapanda ngazi mpaka ofisini kwa mwandishi mwenzake George Lippard na kiatu kimoja mguuni. Lippard naye alikuwa hana kitu, siku hiyo alikuwa mtupu. Akashuka akazunguka kwa wachapishaji mlango kwa mlango kwenye lile joto, huyu katoa dola tano, yule katoa tano, mpaka nauli ikatimia, wakamsindikiza treni. Umeona? Hakuna hata mmoja aliyebeba peke yake. Wewe umebeba peke yako miezi yote hii. Waswahili wa Baltimore mko wengi, ongea na watu wanne watano unaowaamini, huyu awe naye Jumamosi, yule amtafutie daktari, mwingine achangie bili ya simu. Na mama mdogo mpe kazi badala ya machozi, awe anampigia yeye kila asubuhi saa hiyo hiyo amsomee ubeti mmoja.

Kuhusu mikono kutetemeka. Hapa nakuwa mkali kidogo. Mtu aliyekunywa muda mrefu akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege, kuona vitu ambavyo havipo, na anaweza kufa. Usimfungie ndani mkadhani mnamsaidia, aanze kuacha chini ya daktari, na akianza jasho, kuchanganyikiwa au kuongea na ukuta ni hospitali saa hiyo hiyo, piga 911. Akisema hataki kuishi, hapo Marekani kuna namba 988, unapiga au unatuma mesiji, bure, usiku na mchana, hata wewe ukizidiwa unaweza kupiga.

Swali lako la mwisho. Tarehe 3 Oktoba 1849, siku ya uchaguzi, kijana mmoja mpanga herufi wa gazeti, Joseph Walker, alimkuta Poe kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa kituo cha kura, Baltimore hiyo hiyo yako. Hakuwa ndugu wala rafiki. Akamwuliza unamjua nani hapa, akapata jina moja, Dr. Snodgrass, akaandika kikaratasi kwamba kuna bwana hapa hali yake mbaya anasema anakufahamu, anahitaji msaada sasa hivi. Snodgrass akaja. Na kwa maelezo ya Snodgrass, akatokea na mume wa shangazi mwingine wa Poe, ambaye alisema nyumbani kwangu sitampeleka, zamani akilewa alinitukana, apelekwe hospitali. Akapelekwa, akatetemeka na kuweweseka siku nne, akafa Jumapili alfajiri tarehe 7, miaka 40. Hadi leo hakuna anayejua kwa hakika nini kilimuua. Nimemfikiria sana huyo mjomba aliyekataa. Kuna watu wanamlaumu. Mi simlaumu, alikuwa amechoka, na alichosema, hospitali, ndicho kilichokuwa sahihi usiku ule. Ukifika siku ukasema kwangu hapana, twende hospitali, hujamuua mtu mwanangu.

Lile daftari sasa. Poe Philadelphia lilimpotea begi lenye mihadhara yake, alipolipata begi mihadhara haimo. Leo leo mwombe ruhusa upige picha kila ukurasa, uzihifadhi sehemu mbili, na nyuma ya jalada andika namba tatu siyo moja, yako, ya mumeo, na ya yule mlinzi Mkongo akikubali. Mpigie umshukuru, najua katika zile purukushani hukupata nafasi. Namba yake bado iko kwenye simu yako.

Shangazi